Nani Ameshika Funguo za Tovuti Yako?

Ni Ijumaa jioni. Mteja anakupigia simu: "Madam, ile keki ya kesho nimeshalipia. Mbona sijapata jibu?"

Unaangalia simu yako. Hakuna ujumbe wa malipo. Unamwomba akusomee ule aliopata yeye. Pesa zimetoka kweli, Ksh 3,500, lakini jina la biashara analolisoma si lako. Nambari ya Till pia si yako. "Lakini nimeitoa kwa tovuti yenu," anasema, na hadanganyi. Unafungua tovuti yako na kuikuta pale pale, chini ya picha ya keki zako: nambari usiyoijua.

Unampigia fundi aliyekutengenezea tovuti. Hapatikani. Unaamua kuingia mwenyewe ubadilishe, halafu unakumbuka hujawahi kupewa neno la siri.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho hakiwezi kukupata kesho. Sisi husema kila siku: linda PIN yako, usimpe mtu yeyote. Wateja wetu wengi wamelishika hilo vizuri. Lakini kuna mlango mwingine wa pesa ambao wenye biashara huusahau, nao ni nambari ya malipo iliyoandikwa kwenye tovuti. Anayeweza kuibadilisha nambari hiyo anaweza kuhamisha mauzo yako yote bila kugusa simu yako wala kujua PIN yako.

Kwa hivyo leo tunazungumzia tovuti za biashara: zinavyojengwa, nani anafaa kushika nini, na zinavyotunzwa baada ya fundi kumaliza kazi. Kama wewe ndiye mwenye biashara, soma ujue cha kuuliza. Kama wewe ndiye fundi unayewatengenezea wengine, soma ujue cha kukabidhi.

Tovuti hujengwaje siku hizi?

Zamani kila ukurasa uliandikwa kwa mkono, kodi mstari kwa mstari. Ukitaka kupandisha bei ya sukari kwa shilingi tano, ilibidi umtafute fundi. Siku hizi tovuti nyingi hujengwa kwa mfumo wa kusimamia maudhui. Huo ni programu inayokaa kwenye seva. Unaingia kwa jina na neno la siri, unaona ukurasa wa ndani wenye vitufe, unabadilisha bei, unapakia picha, unabofya kuhifadhi, basi. Huhitaji kujua kodi.

Unaojulikana zaidi ni WordPress, ulioanza mwaka 2003 na sasa unaendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani. Kuna Drupal, na kuna Joomla, ulioanza mwaka 2005. Hilo jina Joomla si geni kwako: limetoka kwenye neno letu la Kiswahili, "jumla", likaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Mifumo hii yote mitatu ni ya bure. Fundi akikutoza pesa, unamlipa kwa kazi yake na ujuzi wake, si kwa bei ya WordPress.

Tovuti ya namna hii ina tabaka tatu. La kwanza ni mfumo wenyewe. La pili ni mandhari, yaani sura ya tovuti: rangi, mpangilio, maandishi. La tatu ni programu-jalizi, vipande vidogo vinavyoongeza kazi. Ukitaka duka kwenye WordPress, kwa mfano, fundi huweka programu-jalizi iitwayo WooCommerce. Ukitaka mteja alipe kwa simu, anaongeza nyingine ya malipo.

Urahisi huu ndio uzuri wa mfumo, na ndio hatari yake pia. Kama wewe unaweza kubadilisha nambari ya Till kwa dakika moja, basi yeyote mwenye neno la siri anaweza, na hata asiye nalo akipata tundu.

Funguo nne, na jina la nani?

Fikiria tovuti kama duka lako la mtaani. Duka lina anwani inayojulikana na watu, lina ploti lilipojengwa, lina jengo lenyewe, na lina droo ya pesa. Tovuti nayo ina vitu hivyo vinne, na kila kimoja kina ufunguo wake. Unaweza kuwa na vitatu na bado ukafungiwa nje.

1. Anwani, yaani jina la tovuti. Hili ni lile jina linaloishia na .co.ke au .com. Hulinunui moja kwa moja. Unalikodi, na unalipia tena muda wake unapoisha, kwa kawaida kila mwaka. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kosa la kawaida ni fundi kulisajili jina lako kwenye akaunti yake, kwa barua pepe yake. Mara nyingi hana nia mbaya, anataka tu kazi iende haraka. Lakini kwenye rekodi, jina ni lake. Mkikosana, akihama nchi, au akisahau kulipia, wewe huna la kusema. Hakikisha akaunti ya msajili ina jina lako, simu yako na barua pepe yako. Tena iwe barua pepe ambayo haitegemei jina hilo hilo. Kama jina la tovuti likiisha muda, barua pepe zinazolitumia huzimika pamoja nalo, na ile ilani ya kukuambia ulipe hutaipata.

2. Ploti, yaani nafasi kwenye seva. Faili zako na orodha ya oda zako hukaa kwenye kompyuta ya kampuni fulani, nayo hulipwa kwa mwezi au kwa mwaka. Mafundi wengine huweka wateja kumi au ishirini kwenye akaunti moja waliyoilipia wenyewe. Ni rahisi kwa mfuko, lakini tovuti moja ikidukuliwa, jirani zake huwa hatarini pia. Uliza: akaunti ni yangu peke yangu? Nani anailipia, na inaisha lini?

3. Jengo, yaani mfumo wenyewe. WordPress ina ngazi za watumiaji: msimamizi mkuu anayeweza kila kitu, mhariri anayesimamia kurasa zote, mwandishi, mchangiaji, na mfuatiliaji asiyeweza kubadilisha chochote. WooCommerce huongeza meneja wa duka, anayeshughulikia bidhaa na oda. Wewe mwenye biashara uwe na akaunti yako ya msimamizi mkuu, hata kama hutaitumia mara kwa mara. Kijana anayekupakia picha za bidhaa mpe umeneja wa duka. Na kila mtu awe na akaunti yake. Watu watatu wakitumia neno moja la siri, siku nambari ikibadilika hutajua ni nani aliyeingia.

4. Droo, yaani malipo. Hapa kuna nambari yako ya Till au Paybill, akaunti yako ya biashara kwetu, na kama tovuti inaomba malipo yenyewe, kuna funguo za siri zinazoiunganisha na mfumo wa malipo. Till au Paybill isajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako. Usikubali maneno ya "tumia yangu kwanza, nitakutumia pesa jioni". Funguo za siri fundi anaweza kuhitaji kuziweka, ndiyo, lakini akimaliza kazi yake zibadilishe. Ni kama kubadilisha kufuli mpangaji anapohama. Si kwamba unamshuku, ni utaratibu tu.

Pesa hupitaje kwenye tovuti?

Ni vizuri kujua njia, ili ujue mahali pa kuangalia mambo yakiharibika. Kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni ya kawaida: tovuti inaonyesha nambari ya Till au Paybill, mteja anaingia kwenye simu yake na kulipa mwenyewe. Tovuti haijui kama amelipa. Wewe ndiye unayethibitisha kwa ujumbe uliopata. Udhaifu wake tumeshauona: nambari ni maandishi tu kwenye ukurasa, na maandishi hubadilishwa.

Ya pili ni ya moja kwa moja. Mteja anaandika nambari yake ya simu kwenye tovuti. Tovuti inatuma ombi kwa mfumo wa malipo. Simu ya mteja inaonyesha dirisha lenye kiasi na jina la biashara, naye anaweka PIN kwenye simu yake. Kisha mfumo wa malipo unarudisha jibu kwenye anwani maalum ndani ya tovuti yako: imelipwa au haijalipwa. Tovuti ikipokea jibu hilo ndipo inapoandika oda kuwa imelipwa.

Angalia hiyo hatua ya mwisho. Kama tovuti imelala kwa sababu jina limeisha muda, seva imejaa, au cheti cha usalama kimepitwa na wakati, jibu linabisha mlango na kukosa wa kufungua. Pesa zimetoka kwa mteja, zimeingia kwako, lakini tovuti inasema "haijalipwa". Mteja anaona ameibiwa. Akijaribu tena, atalipa mara mbili. Kwa hivyo kabla ya kubishana na mteja, angalia taarifa ya akaunti yako ya malipo. Hiyo ndiyo yenye ukweli kuhusu pesa. Tovuti ni mpokeaji wa habari tu, na picha ya skrini anayokutumia mteja si uthibitisho.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kwa njia zote mbili: PIN huwekwa kwenye simu ya mteja tu. Ukiona tovuti yoyote ina kisanduku cha kuandika PIN ya pesa za simu, iwe ni yako au ya mtu mwingine, hiyo imeingiliwa au ni ya walaghai. Toka hapo.

Kwa nini tovuti huharibika bila mtu kuigusa?

Wenye biashara wengi hutuuliza: "Si nilishalipa? Mbona fundi anataka pesa tena kila mwezi?" Jibu ni kwamba tovuti si meza uliyonunua ukaiweka sebuleni. Ni programu iliyo wazi kwa dunia nzima usiku na mchana, na watu hutafuta matundu ndani yake kila siku. Tundu likigunduliwa, watengenezaji wa mfumo hutoa sasisho la kuliziba. Lakini tangazo la sasisho huwaambia wadukuzi pia tundu liko wapi. Kuanzia hapo ni mbio.

Mbio hizo ni za kasi kuliko unavyodhani. Tarehe 15 Oktoba 2014, timu ya Drupal ilitoa sasisho la kuziba tundu kubwa. Wiki mbili baadaye iliwatangazia watumiaji wake kwamba tovuti yoyote iliyokuwa na tundu hilo, na ambayo haikusasishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza, ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Saa saba! Ukilala usiku mmoja, umechelewa.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya WordPress. Matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yalikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu yeyote, bila neno la siri, kubadilisha maandishi ya makala na kurasa. Sasisho la 4.7.2 lilitolewa tarehe 26 Januari, na habari za tundu lenyewe zikafichwa hadi tarehe 1 Februari ili watu wapate nafasi ya kusasisha. Hata hivyo maelfu kwa maelfu ya kurasa zilichafuliwa na wadukuzi, kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Waliochafua wengi walitaka tu kujisifu kwa kuandika majina yao. Lakini hebu fikiria: mtu anayeweza kuandika jina lake kwenye ukurasa wako anashindwa vipi kuandika nambari yake ya Till?

Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress inaweza kujisasisha yenyewe kwa masasisho madogo ya usalama. Baadhi ya mafundi huzima huduma hiyo wakiogopa tovuti ivurugike. Muulize fundi wako kama imewashwa. Kama ameizima, basi muulize ni nani anayefanya kazi hiyo badala yake, na kila baada ya muda gani.

Jihadhari pia na programu-jalizi na mandhari za wizi. Hizi ni zile ambazo kwa kawaida huuzwa, lakini mtu amevunja leseni na kuziweka mtandaoni bure. Mara nyingi aliyevunja leseni ameacha mlango wa nyuma ndani yake. Unaokoa dola chache leo, kesho anaingia apendavyo. Rahisi ghali.

Ratiba ya matunzo

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Matunzo hayahitaji utaalamu mkubwa, yanahitaji ratiba na mtu mmoja anayewajibika. Hii hapa ya kuanzia.

Kila jioni: linganisha oda za siku na taarifa ya malipo. Oda tano, malipo matano. Hesabu zisipolingana, tafuta sababu usiku huo huo. Zoezi hili la dakika tano ndilo litakalokuambia nambari imebadilishwa kabla wateja wengi hawajapoteza pesa.

Kila wiki: fungua tovuti kwa simu ambayo hujaingia kama msimamizi, ikiwezekana simu ya mtu mwingine na data yake. Wadukuzi wengine huonyesha ukurasa uliobadilishwa kwa wageni tu, huku mwenye tovuti akiona kila kitu kiko sawa. Soma nambari ya malipo tarakimu kwa tarakimu. Kisha sasisha mfumo, mandhari na programu-jalizi. Masasisho makubwa yajaribiwe kwanza kwenye nakala ya tovuti, si kwenye duka lililo wazi.

Kila mwezi: fanya malipo ya majaribio, hata ya shilingi 10, uone kama oda inaandikwa imelipwa. Fungua orodha ya watumiaji, na yeyote usiyemjua au aliyeacha kazi mwondoe. Hakikisha nakala rudufu zipo. Nakala kamili ina sehemu mbili: faili, na hifadhidata yenye kurasa, bidhaa na oda. Ukiwa na moja bila nyingine, hautaweza kuirudisha tovuti ilivyokuwa. Na isikae kwenye seva ile ile tu, maana seva ikizama nayo inazama.

Kila miezi mitatu: jaribu kurudisha nakala mahali pa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Kila mwaka: lipia jina na seva kabla ya siku ya mwisho, ondoa programu-jalizi zisizotumika, na ubadilishe maneno ya siri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa akaunti za wasimamizi wote, kama bado.

Jambo la mwisho lisilohitaji kompyuta kabisa: weka nambari yako ya malipo na jina linalotokea kwenye simu mahali zaidi ya pamoja. Kibandiko dukani, kwenye risiti, kwenye boksi la keki, kwenye wasifu wa WhatsApp. Wazoeze wateja kusoma jina la biashara kabla ya kuweka PIN. Mteja aliyezoea jina lako atashtuka akiona jingine.

Makubaliano kati ya mteja na fundi

Ugomvi mwingi kuhusu tovuti hauanzi na ubaya. Unaanza na mambo ambayo hayakusemwa. Mteja alidhani Ksh 25,000 ni pamoja na matunzo ya maisha. Fundi alidhani kazi imeisha siku tovuti ilipofunguliwa. Kwa hivyo andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja.

- Kazi ya kujenga ni ipi, kurasa ngapi, na itaisha lini.
- Malipo yatalipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho itolewe baada ya kukabidhi funguo zote nne.
- Jina na seva vitasajiliwa kwa nani, na nani atalipia mwaka ujao.
- Matunzo ni nini hasa: masasisho, nakala, kuangalia malipo. Ni kiasi gani kwa mwezi, na fundi atajibu ndani ya saa ngapi kukitokea dharura.
- Nini kitatokea mkiachana: mteja anapata nakala kamili ya tovuti, fundi anaondolewa kwenye akaunti zote, funguo za malipo zinabadilishwa.

Kwa mwenye biashara: matunzo ni kazi, na kazi hulipwa. Ukimbana fundi hadi asibaki na kitu, usishangae asipopokea simu Ijumaa jioni. Kwa fundi: jina la tovuti la mteja si rehani. Kama anachelewesha malipo, mdai kwa mkataba, usimshikie jina. Na funguo ukikabidhi, pata sahihi ya mteja. Siku kitu kikiharibika, karatasi hiyo itakulinda wewe pia.

Sheria nayo ina neno hapa. Majina, nambari za simu na anwani za wateja wako ni data binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama biashara yako ni ndogo. Fundi anayeshughulikia data hiyo kwa niaba yako anafaa kuwa na mkataba wa maandishi na wewe. Na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data anafaa kujulishwa ndani ya saa 72.

Kama nambari imeshabadilishwa

Usiombe yakukute, lakini yakikukuta, fuata mpangilio huu.

1. Piga picha ya skrini ya ukurasa ukionyesha nambari ngeni, tarehe na saa. Ni sekunde chache, na huo ndio ushahidi wako.
2. Ondoa nambari hiyo au funga duka. Kama huwezi kuingia, pigia kampuni ya seva waisimamishe tovuti kwa muda. Hapa ndipo utashukuru kwamba akaunti ni ya jina lako.
3. Watangazie wateja mara moja, WhatsApp na kwingineko: "Msilipe kupitia tovuti hadi tutakapowajulisha." Usione aibu. Kila dakika unayonyamaza kuna mtu analipa.
4. Tupigie huduma kwa wateja ukitumia laini yako iliyosajiliwa, utupe ile nambari ngeni. Waliolipa waombe kurudishiwa pesa wao wenyewe, haraka iwezekanavyo, maana pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha. Hatutakuuliza PIN. Anayekuuliza PIN wakati huo ni mwizi wa pili.
5. Piga ripoti polisi upate nambari ya OB. Kuingilia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018. Unaweza pia kuripoti kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.
6. Usirudishe nambari yako na kufungua tena papo hapo. Aliyeingia huenda ameacha mlango wa nyuma. Fundi arudishe nakala safi ya kabla ya tukio, asasishe kila kitu, aondoe watumiaji wasiojulikana, abadilishe maneno yote ya siri na funguo za malipo. Kisha fanya malipo ya majaribio. Ndipo mfungue.

Anza leo

Huna haja ya kufanya yote haya usiku mmoja. Chukua simu umwandikie fundi wako maswali manne: Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani na linaisha lini? Seva iko kwa akaunti ya nani? Nipe akaunti yangu ya msimamizi. Na funguo za malipo, ni nani mwingine anazo?

Fundi mzuri atakujibu bila shida, na huenda akafurahi kwamba umeuliza. Akianza kuzungukazunguka, basi umejua jambo muhimu leo, kabla ya ile simu ya Ijumaa jioni. Halafu, ukishamaliza kuandika, fungua tovuti yako na usome ile nambari ya malipo, tarakimu moja baada ya nyingine.